Mzee alipigana, karatasi ikasema hakuwepo

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za uchaguzi na bei ya mafuta. Nina jambo ambalo limenikaa rohoni, na nadhani kuna wengi humu linawahusu bila wenyewe kujua.

Mnakumbuka Mfalme Charles wa Uingereza alipokuja Kenya, mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 2023? Karibu waandishi wote waliganda kwenye swali moja: ataomba radhi kwa yale yaliyofanyika enzi za Mau Mau, au hataomba? Alisema ana masikitiko makubwa na kwamba yale hayana kisingizio, ila neno lenyewe la kuomba radhi halikutoka. Basi magazeti yakapata kichwa cha habari, na sisi tukapata cha kubishania.

Lakini kwenye ziara hiyo hiyo, kwenye makaburi ya vita ya Kariokor pale Nairobi, kulifanyika jambo dogo ambalo wengi walilipita. Wazee wanne wa Kikenya, waliopigana Vita Kuu ya Pili ndani ya King's African Rifles, yaani jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya, walikabidhiwa nishani. Si nishani za ushujaa mpya. Ni zile zile walizostahili tangu vita viishe, zilizotolewa upya kwa sababu za kwanza hawakuwa nazo tena. Walikuwa wameziondoa wenyewe. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, mtu kukutwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza kifuani au chini ya godoro ilikuwa ni kujitafutia balaa kwa jirani zake. Nani angemuuliza kama aliipata Burma au aliipata kwa kuuza watu? Wakazitupa.

Picha zilikuwa nzuri. Wazee wamekaa, mfalme ameinama anawasalimia. Mimi niliziangalia nikajiuliza swali moja tu: hawa ni wanne, je, wengine?

Maana watu waliopita kwenye majeshi ya Waingereza kutoka Afrika Mashariki katika Vita ya Pili ni kama laki tatu. Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland (ndiyo Malawi ya leo), Zanzibar. Walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Walipelekwa Madagaska 1942. Wakapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani kwenye Bahari ya Hindi, wakafa karibu watu 1,300 ndani ya dakika chache, na kundi kubwa kabisa lilikuwa la wapiga mizinga kutoka huku kwetu. Hebu muulize mwanafunzi wa sekondari kama amewahi kuisikia meli hiyo. Titanic anaijua mpaka jina la nahodha.

Sasa hoja yangu ni hii, na ninaomba muishike mpaka mwisho: mambo tunayoyaita kuwakumbuka mashujaa ni ya aina mbili. Kuna msaada, na kuna marekebisho. Msaada ni mtu kukuonea huruma. Marekebisho ni mtu kukiri kwamba alikuandika vibaya. Mkubwa akitoa msaada anabaki kuwa mwema. Akifanya marekebisho anakuwa na deni. Ndiyo maana msaada hupatikana upesi zaidi kuliko marekebisho.

KARATASI NDIYO ILIYOPIGANA?

Jeshi ni makaratasi, jamani. Askari akipigwa risasi, halipwi kwa sababu ya jeraha. Analipwa kwa sababu kuna karani aliyeandika kwamba alijeruhiwa. Nishani haiendi kwa aliyekuwa jasiri. Inaenda kwa jasiri ambaye kulikuwa na ofisa aliyemwona, akaandika, akatuma juu, na huko juu faili halikupotea. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, basi. Kwa upande wa jeshi hilo jambo halikutokea.

Chukua mfano wa kapteni mmoja wa Kiingereza, Eric Wilson. Agosti 1940, kwenye mapigano ya Tug Argan, Somalia ya Waingereza, alikuwa kwenye kilima na bunduki za rashasha akiwa na askari wa Kisomali. Alijeruhiwa begani na jichoni, ana malaria, akaendelea kupiga kwa siku kadhaa mpaka Waitaliano wakakizidi nguvu kilima. Jeshi likaamini amekufa. Oktoba mwaka huo huo, miezi miwili tu baadaye, likatangaza kumpa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote Uingereza, kama marehemu. Kumbe bwana yuko hai, kafungwa kambini Eritrea! Mwaka 1941 akatoka, rekodi ikasahihishwa, marehemu akawa mzima. Baadaye alifanya kazi ya utawala huku Tanganyika mpaka tukapata uhuru, na alifariki Desemba 2008 akiwa mzee sana.

Sioni wivu kwa Wilson. Alistahili. Ila angalieni kasi ya karatasi yake: miezi miwili nishani imetangazwa, na kosa la kumwita marehemu likarekebishwa mara ukweli ulipojulikana. Sasa pale kilimani, pembeni yake, aliuawa sajenti wake wa Kisomali aliyeitwa Omar Kujoog. Tunalijua jina hilo kwa kiasi kikubwa kwa sababu Wilson mwenyewe hakumsahau. Kilima kimoja, siku moja, risasi zile zile. Mmoja karatasi ilimkimbilia mpaka ikampita. Mwingine anaishi kwenye kumbukumbu ya mwenzake.

Huo ndio uzito wa suala hili. Anayeandikwa anabaki. Asiyeandikwa anategemea rafiki.

WALE AMBAO HAWAKUANDIKWA KABISA

Tukirudi nyuma kwenye Vita ya Kwanza, ile ya Mjerumani ya 1914 mpaka 1918, hali ni mbaya zaidi. Wale waliokufa wengi hawakuwa hata na bunduki. Walikuwa wapagazi. Kila risasi, kila gunia la mchele, kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani kutoka Voi na Taveta mpaka Morogoro, Rufiji, mpaka Msumbiji. Wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini, hasa mwaka 1917 msako ulipopamba moto Kenya. Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza peke yake huhesabiwa kuwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Ukienda Kariakoo Dar kununua simu au Kariokor Nairobi kununua kiondo, unalitaja jeshi lao bila kujua: Carrier Corps. Yaani watu hao wameacha jina kwenye soko, ila majina yao wenyewe hayapo.

Na hapa msinielewe vibaya, hii si lawama ya vijiweni. Aprili 2021 wenyewe wahusika, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, walitoa ripoti ya uchunguzi juu yao wenyewe. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Vita ya Kwanza, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na zaidi ya hao, watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa kutoka Afrika na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, alisimama bungeni akaomba radhi.

Sababu ilikuwa nini, karatasi kupotea? Baadhi, ndiyo. Lakini ripoti ilionyesha pia kwamba maofisa wa miaka ile ya 1920 waliamua. Walikaa ofisini wakasema Mwafrika hajafikia hatua ya kuthamini kaburi lenye jina, kwa hiyo tusijisumbue, tuwajengee sanamu moja ya jumla inatosha. Makaburi yakaachwa yaote majani.

Sanamu hizo unazijua. Ni zile za Askari zilizozinduliwa miaka ya 1920, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar, pale Samora, askari ameelekeza bunduki mbele, daladala zinapita, tunaiita Askari Monyumenti na tunapeana miadi hapo. Siku moja simama usome maandishi yaliyo chini, yapo na kwa Kiswahili. Yanawaambia wale wanajeshi na wapagazi kwamba hata wakifa, watoto wao watalikumbuka jina lao. Soma halafu zunguka sanamu yote utafute jina hata moja.

Hakuna.

MSAADA AU DENI?

Tuje kwenye fedha, maana najua kuna wadau humu hawasomi mpaka zitajwe fedha.

Mwaka 2019 zilitoka habari kuhusu nyaraka za kale za Uingereza zilizoonyesha jinsi kiinua mgongo cha mwisho wa Vita ya Pili kilivyopangwa. Hakikupangwa kwa cheo na muda wa kazi peke yake. Kilipangwa na kwa rangi. Askari mzungu aliweza kupata mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile aliyetumikia muda ule ule. Msitu mmoja wa Burma, mbu wale wale, hesabu tatu tofauti.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 12 kwa ajili ya maveterani wa nchi za Jumuiya ya Madola na wajane wao wanaoishi kwenye umaskini, ili wapate walau milo miwili kwa siku. Ni jambo jema, na mzee mwenye njaa hawezi kusubiri mjadala wa kisheria. Lakini tazameni vizuri. Hiyo pesa inatolewa kwa sababu mzee ni maskini. Haitolewi kwa sababu alipunjwa. Mzee aliyepunjwa na ambaye watoto wake wamefanikiwa hapati kitu, na rekodi inabaki ikisema alilipwa haki yake yote.

Hapo ndipo ninaposema msaada na marekebisho si kitu kimoja. Msaada unampa mzee uji. Marekebisho yanamwambia: mwaka 1945 tulikuandikia theluthi, ilipaswa kuwa nzima, na sasa tunaandika upya.

WENZETU WALIVYOWEKA UTARATIBU

Kuna mdau atasema, sasa utarekebishaje kitu cha miaka themanini iliyopita, mashahidi wamekufa, faili halipo? Swali zuri. Twende Marekani kidogo, kisha nitawarudisha nyumbani.

Kule tangu mwaka 1946 kuna sheria inayoruhusu rekodi za mwanajeshi kurekebishwa na bodi maalumu ya raia. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, la majini lake, la anga lake. Veterani, au mrithi wake kama amekufa, anajaza fomu iitwayo DD 149, anaeleza kosa ni lipi, anaambatanisha ushahidi. Muda uliowekwa ni miaka mitatu tangu kosa ligundulike, lakini bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kama haki inadai hivyo. Wanaweza kubadilisha sababu ya kuachishwa jeshi, cheo, majeraha, hata nishani.

Na msidhani wao faili hazipotei. Julai 1973 ghala la kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis liliungua, zikateketea faili kati ya milioni 16 na 18. Lakini hawakusema basi, mliopigana poleni. Walianza kukusanya vipande kutoka kwingine: orodha za mishahara, kumbukumbu za hospitali, barua, maelezo ya wenzake. Faili likiungua, mtu hakuungua.

Tena hata kwao ubaguzi ulifanya kazi yake. Kapteni Paris Davis, Mmarekani mweusi wa kikosi maalumu, Juni 1965 kule Bong Son, Vietnam, alipigana karibu usiku na mchana mzima, akajeruhiwa, akakataa kuondoka mpaka wenzake waliokuwa wamekwama wametolewa. Mkuu wake akapendekeza apewe Medal of Honor. Faili likapotea. Likatafutwa mwaka 1969, likaandikwa tena, likapotea tena. Faili moja, mara mbili! Wenzake waliokuwa naye na watu wa kujitolea wakalijenga upya, ushahidi juu ya ushahidi, miaka mingi. Tarehe 3 Machi 2023 Rais Biden akamvisha, akiwa na miaka 83. Karibu miaka 58 baada ya siku yenyewe.

Mnaona tofauti? Faili la Davis lilipotea kama yanavyopotea ya kwetu. Kilichomwokoa ni vitu viwili: mlango wa kisheria wa kugonga, na watu waliokataa kuacha kugonga.

Na kwa vijana wetu walioko huko ughaibuni ndani ya jeshi hilo la Marekani, maana wapo, neno moja: ukitoka jeshini utapewa karatasi iitwayo DD 214. Isome neno kwa neno kabla hujaondoka, jina, tarehe, mahali ulipotumwa, nishani. Toa nakala. Usiiweke kwenye begi la safari ukaisahau kwa shangazi.

KISA CHA UFAGIO

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna kisa chetu cha kurekebisha rekodi bila karatasi, na kimesimuliwa katika vitabu vya vita ile ya Mjerumani.

Mwaka 1964, mwaka aliokufa Jenerali Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliomtumikia malimbikizo yao ya tangu 1918. Mtu wa benki akaja mpaka Mwanza na pesa. Wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti walikuwa wa kuhesabika. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Utajuaje nani alikuwa askari na nani kafuata harufu ya pesa?

Yule bwana akapata wazo. Kila mzee aliitwa mbele, akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani: tega silaha, beba silaha, na kadhalika. Inasimuliwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Miaka 46 imepita, mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Watu husimulia kisa hiki wakacheka. Mimi ninakiona kama somo la sheria. Maana yake ni kwamba anayetaka kulipa deni hukosi njia ya kuthibitisha. Anayesema ushahidi haupo, mara nyingi ameamua mapema ushahidi wa aina gani anaukubali.

Na siku hizi ushahidi unaonekana. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba nyaraka za zamani za Keya zilizohifadhiwa na jeshi la Kenya zimewezesha kutambuliwa majina ya Wakenya zaidi ya 3,000 wa enzi za Vita ya Kwanza. Ziliaminiwa kuwa zimepotea, kumbe zipo kwenye makabati. Januari 2025 pale Cape Town ukazinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa kwenye vita hiyo bila kaburi linalojulikana, wengine wao walifia huku huku Afrika Mashariki. Majina, wadau. Moja moja, kila mtu na lake.

"LAKINI SI WALIMPIGANIA MKOLONI?"

Najua hoja hii inakuja, niijibu kabisa. Kwamba hawa walikuwa vibaraka, walimsaidia mkoloni, wengine walikuja kutumika dhidi ya ndugu zao, kwa nini tuhangaike na nishani zao?

Kwanza, mpagazi aliyefungwa kamba kijijini kwake mwaka 1917 hakuchagua upande. Pili, kusahihisha rekodi si kusifu. Rekodi sahihi ndiyo inayomshtaki mkoloni vizuri kuliko hotuba yoyote. Ukisema watu wengi walikufa, atakuambia pole. Ukiweka jina, kijiji, tarehe na mshahara ambao haukulipwa, hana pa kwenda. Wale wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza mpaka ikakubali kuwalipa mwaka 2013 hawakushinda kwa kelele. Walisaidiwa sana na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Uingereza yakafichuliwa. Karatasi ile ile iliyotunyamazisha ndiyo iliyosema.

Tatu, na hili linatuuma sisi: tukizoea kusema hao hawatuhusu, tutazoea na kwa wa kwetu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 walipigana wanajeshi na mgambo waliotolewa vijijini. Je, mjomba wako mgambo yumo kwenye orodha? Nani ameangalia? Miaka arobaini ijayo mjukuu wake atakuwa anaandika blogu kama hii.

TUFANYE NINI SASA

Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 alizaliwa 1927. Wazee waliobaki unaweza kuwahesabu. Kwa hiyo hili si jambo la kuundiwa kamati. Ni la likizo hii ukienda nyumbani.

Kama babu au babu mkubwa alikuwa Keya, tafuta vitu hivi. Namba yake ya jeshi, pamoja na herufi zilizoitangulia. Mara nyingi imechongwa ukingoni mwa nishani za vita ya kwanza au imeandikwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi. Batalioni yake: 3 KAR ilikuwa ya Kenya, 4 ya Uganda, 6 ya Tanganyika, 1 na 2 za Nyasaland. Kama hakuwa mpiga bunduki, alikuwa kikosi gani: dereva, hospitali, Pioneer, ishara. Jina alilojiandikishia, maana karani aliandika alivyosikia. Wengi waliandikishwa kwa jina la baba, la chifu au la kijiji. Andika namna zote zinazoweza kusomeka. Bibi akikuambia "babu yako jeshini walimwita hivi," usicheke, hiyo ndiyo funguo.

Cheti kikiwepo, kipige picha leo kabla ya mchwa. Kama mzee yuko hai, mrekodi na simu, muulize walipanda meli wapi, nani alikuwa sajenti wao, nani alikufa mbele yake. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana mzee mmoja anaweza kuwa shahidi wa wengine watano wasio na mtu.

Nishani za Vita ya Pili zinaombwa kwenye ofisi ya nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na ndugu wa karibu wa marehemu anaruhusiwa kuomba. Aliyekufa vitani na hayumo kwenye orodha, au jina limekosewa, ile Tume ya Makaburi inapokea maelezo ya familia yenye ushahidi. Vyote hivyo havihitaji dalali. Mtu akikuambia umpe hela akutolee "fidia ya Keya", huyo ni tapeli, mkimbie.

Lakini mlango wa mtu mmoja mmoja hautoshi. Nchi zetu zilirithi majeshi yale: 6 KAR ikawa Tanganyika Rifles mwaka 1961, 4 KAR ikawa Uganda Rifles 1962, za Kenya zikawa Kenya Rifles 1963. Kama Kenya imefungua makabati na majina 3,000 yakatoka, swali la kuwauliza wabunge wetu ni jepesi kabisa: makabati ya kwetu yana nini, na yatafunguliwa lini? Na serikali zetu zinapokaa na London mezani, ziombe kile kisichoitwa msaada. Ziombe rekodi iandikwe upya, na hesabu ya kiinua mgongo ifuate rekodi.

Wale wazee wanne wa Kariokor walipata nishani zao mikononi wakiwa hai. Nimefurahi kwa ajili yao, kweli. Ila pale Samora yule askari wa shaba bado anatuahidi kwamba tutakumbuka majina, na sisi tunampita kila siku tukiwahi daladala.

Uwanja ni wenu, wadau. Nani ana babu Keya? Tupe jina lake na kikosi chake, tuanze orodha yetu hapa hapa. Matusi sitayatoa hewani.